Kabla hujang'oa kioo cha mbele, uliza gundi

Ukiwa nyuma ya lori la kokoto kati ya Keumbu na Keroka, na lori lenyewe halikufunikwa turubai, huhitaji mtabiri. Kokoto moja inadondoka, inagonga lami, inaruka. Unasikia "ta!" na kwenye kioo pameshatokea nyota ndogo, mkabala na uso wa abiria wa mbele. Dereva anaipapasa kwa kidole, anaguna, anaendelea na safari yake hadi Birongo. Siku zinapita. Nyota inaota mguu, mguu unakuwa ufa, na ufa unatambaa hadi upande wa usukani. Hapo ndipo mwenye gari anapigiwa simu, na swali lake la kwanza ni lile lile siku zote: "Kioo ni pesa ngapi?"

Si swali baya, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: kioo hicho kitashikwa na nini, na gari litapewa muda gani wa kutulia kabla halijarudi barabarani? Watu hubishana bei ya kioo hadi jasho likawatoka, kisha gundi wanamwachia fundi ajue mwenyewe. Kwa maoni yangu wanabishania kitu chenye uzito mdogo katika shughuli nzima.

Birongo ni wadi ya eneobunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii, na ni soko la nyanda za juu ambako mvua haiulizi mwezi. Machi hadi Mei hunyesha kwa wingi, Septemba hadi Novemba hurudi tena, na kati ya misimu hiyo hupiti mwezi mzima bila kulowa. Kwa mwaka, milima hii ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500. Asubuhi ni baridi na ukungu, adhuhuri jua linawaka, alasiri wingu linafunga. Magari nayo ni ya kazi: Probox, Sienta, matatu za kwenda Kisii mjini na Keroka, pikapu za ndizi, malori ya majani chai. Hakuna gari hapa linalokaa kwenye gereji ya nyumbani likifunikwa shuka. Hayo yote, mvua, baridi, mabonde na haraka ya kazi, yana neno lake katika kubadilisha kioo.

Tuanze na kitu chenyewe. Kioo cha mbele cha gari la kisasa si kipande kimoja. Ni mabamba mawili ya kioo, kila moja lina unene wa milimita mbili hivi, na katikati pana utando wa plastiki usiofika milimita moja, kama siagi kati ya vipande viwili vya mkate. Ndiyo maana kikigongwa kinapasuka bila kumwagika: vipande vinabaki vimeng'ang'ania ule utando. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa katika maabara yake, ikapasuka lakini ikabaki na umbo lake, kwa kuwa ndani yake kemikali ya selulosi ilikuwa imekauka na kuacha ngozi nyembamba. Mwaka 1909 akapata hataza ya kioo cha tabaka. Kabla wenye magari hawajakithamini, kilikwenda kwanza kwenye barakoa za gesi za askari wa Vita Vikuu vya Kwanza.

Vioo vya milango ni vya aina nyingine. Hivyo hupashwa moto na kupozwa ghafla viwandani ili vikipasuka viwe punje punje zisizo na makali. Zamani hata vioo vya mbele vya magari mengi vilikuwa hivyo, na dereva aliyepigwa jiwe alijikuta ghafla mbele ya ukuta mweupe asione barabara. Japani, ambako ndiko yanakotoka magari yetu mengi, ililazimisha kioo cha tabaka kwa mbele kuanzia mwaka 1987. Kwa hiyo ukiona mtu anakukatia kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba ili akitie kwenye trekta au lori kuukuu, mwambie akimalizie kwenye dirisha la jikoni. Kikivunjika barabarani, kitakuja usoni kikiwa visu.

Kazi ya kioo cha mbele haiishii kuzuia upepo na mbu. Katika gari ambalo kioo kimegandishwa kwenye mwili, kioo hicho ni sehemu ya nguvu ya mwili wenyewe. Gari likipinduka, na barabara zetu za kuteremka mabondeni zina mitaro inayongoja, kioo kilichoshika vizuri husaidia paa lisibonyee juu ya vichwa vya watu. Kisha kuna mfuko wa hewa. Ule wa abiria wa mbele, katika magari mengi, hufumuka kuelekea juu, unagonga kioo, ndipo unageuka kumlaki abiria. Yote hutokea katika sehemu ndogo ya sekunde, kwa kishindo kikubwa. Kioo kilichobandikwa kwa gundi isiyostahili kinasukumwa nje, mfuko unakifuata, na abiria anakutana na dashibodi. Naijua hali ilivyo kwenye Probox za huku, ambako kiti kimoja cha mbele hubeba watu wawili na mkanda ukabaki ukining'inia mlangoni. Hao hata kioo kizuri hakitawafaa sana. Lakini abiria aliyekaa peke yake na kufunga mkanda ana haki ya kukuta kila kitu kinafanya kazi kama kilivyoundwa.

Na kuna lile la kuona. Hesabu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la watembea kwa miguu. Ukitoka Kisii mjini asubuhi kuelekea Keroka, unakwenda mashariki, jua likiwa limekukabili. Ufa ambao jana jioni ulikuwa mstari mwembamba tu, saa moja asubuhi unawaka kama waya wa moto mbele ya macho yako. Nyuma ya ule mng'ao kuna mtoto wa shule anayevuka.

Je, kila nyota ni lazima kioo king'olewe? Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Jeraha dogo, lisilozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, ambalo halijafika ukingoni mwa kioo wala haliko mbele ya macho ya dereva, kwa kawaida linatibika. Fundi mwenye kifaa hubandika kijibomba juu ya kidonda, anafyonza hewa iliyomo, anaingiza utomvu mwepesi, kisha anaukausha kwa taa ya miale ya urujuanimno. Kovu dogo hubaki, lakini ufa hausafiri tena. Uingereza, katika ukaguzi wao wa kila mwaka, gari hukataliwa likiwa na jeraha linalozidi milimita 10 mbele ya usukani, na milimita 40 mahali pengine panapofagiwa na waipa. Ni kipimo kizuri cha kukaa nacho kichwani hata huku kwetu.

Sharti la tiba hiyo ni kuwahi. Maji na vumbi vikishaingia kwenye kidonda, utomvu haushiki sawasawa. Basi jiwe likikugonga, kausha mahali hapo kwa kitambaa safi na ubandike kipande cha selotepu kwa nje siku hiyo hiyo. Usiende kuosha gari kwa mashine ya maji ya nguvu. Usiwashe kipasha-joto kikavuma kwa kishindo kwenye kioo asubuhi ya baridi, wala kumwaga maji moto ili kuondoa ukungu. Kioo kikipata joto upande mmoja na baridi upande wa pili, ufa hupata njia. Nyota iliyo ukingoni usihangaike nayo, hiyo haina dawa.

Kuna ufa mwingine wa kuutilia shaka: unaoanzia kwenye kona ya chini bila alama yoyote ya jiwe. Huo mara nyingi unatoka ndani. Labda gari liligongwa zamani na fremu ikanyooshwa nusu nusu, labda kutu imeinua chuma chini ya gundi, labda kioo kilichotangulia kilikaa kwa kubanwa. Ukitia kipya bila kutafuta sababu, utarudi kwa fundi na kioo cha tatu.

Sasa tuseme imebidi kubadilisha. Kioo utakachoonyeshwa kina maandishi madogo kwenye kona, na inafaa uyasome kabla ya kutoa pesa. Neno "Laminated" ndilo la kutafuta. Kwenye vioo vilivyopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa utaona herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi iliyoidhinisha, na "43R" karibu yake. Vya kiwango cha Marekani huandikwa "AS1" kwa kioo cha mbele. Ukikuta "AS2" peke yake, hicho ni cha mahali pengine. Jina la mtengenezaji nalo liko hapo: AGC ni Asahi wa Japani, FYG ni Fuyao wa China. Kioo cha China si dhambi. Fuyao huuzia viwanda vikubwa vya magari duniani. Cha kuogopa ni kioo kisicho na jina wala alama, ambacho ukisimama hatua mbili nyuma na kukitazama kwa mshazari, nguzo ya stima iliyo ng'ambo inajikunja kama nyoka. Kioo cha namna hiyo kinamchosha dereva macho bila yeye kujua kinachomuumiza kichwa jioni.

Usiagize kioo kwa jina la gari tu. "Probox" haitoshi. Iliyotoka kabla ya 2014 na iliyotoka baadaye zinafanana kwa nyuma kiasi cha kumdanganya mtu, ilhali mbele zilibadilishwa. Mpe muuzaji namba kamili ya chesisi pamoja na picha ya kioo cha zamani, hasa sehemu ya juu katikati, palipo na kioo cha kutazamia nyuma. Hapo ndipo panapojulikana kama kuna kamera, kihisi cha mvua au kishikizo tu. Kioo kinachofanana kwa umbo lakini hakina kishikizo cha kamera ni hasara iliyofungwa kwenye katoni.

Vingi vya vioo hivi huja kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 300, kupitia Narok, Bomet na Sotik. Kioo husafiri kimesimama, hakilazwi. Kikilazwa chali juu ya mizigo ya basi, kila tuta linakitikisa katikati, na kinaweza kupata ufa wa nywele usioonekana mpaka siku ya tatu baada ya kutiwa. Kifungue mbele ya aliyekileta. Pitisha kidole ukingoni pote taratibu, ukitafuta mahali palipomeguka. Tazama pia ule mkanda mweusi wenye vitone pembeni: haukuwekwa kwa urembo, unaikinga gundi isiliwe na jua. Ukiwa umechubuka, kataa.

Vya mtumba, vilivyong'olewa kwenye magari yaliyovunjwa kwa ajili ya spea, vina soko lao. Sitamlaumu anayevinunua, mradi ajue kwamba kioo kilichowahi kukatwa kutoka kwenye gari jingine kina makovu ya kisu pembeni na mabaki ya gundi isiyojulikana ni ya aina gani. Mikwaruzo ya waipa nayo haiondoki. Mchana haionekani, usiku ukikabiliwa na taa za lori, ndipo utajua umenunua nini.

Sasa gundi. Hapa nitakaa.

Inayotakiwa ni ya poliyurethani, nyeusi, nzito, na kwenye mkebe huandikwa PU pamoja na maneno ya kuonyesha kwamba ni ya vioo vya magari. Si silikoni. Silikoni ya kuzibia sinki na madirisha ni rahisi, inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na inang'aa vizuri ikikauka, ndiyo maana inawavutia mafundi wa haraka. Ubaya wake ni mwingi. Haina nguvu ya kushika kioo gari likigongwa. Ile yenye harufu ya siki hula chuma na kualika kutu. Na ubaya wa tatu hautajwi sana: mahali palipopakwa silikoni, poliyurethani haishiki tena hadi paparuzwe na kusafishwa vikali. Fundi wa leo anamharibia fundi wa kesho.

Mwombe fundi mkebe kabla hajautoboa. Hiyo si dharau. Ni kama kumwomba daktari wa mifugo akuonyeshe chupa ya chanjo. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Poliyurethani hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, na mkebe uliozeeka unaanza kuganda ndani kwa ndani. Ukiubinya unatoa gundi yenye mabonge, na mabonge hayo ni njia za maji za kesho. Ukikuta mkebe uliotobolewa jana na kuzibwa kwa msumari, huo ni wa kazi nyingine.

Ukitaka kujua kama umempata fundi, mtazame anavyoondoa kioo cha zamani. Anayejua kazi hufunika boneti na dashibodi, anang'oa waipa na plastiki ya chini, kisha anakata gundi kwa kisu maalumu au kwa waya uliosokotwa, wawili wakivutana, mmoja ndani na mmoja nje. Kioo kikishatoka, hafanyi haraka kukwangua kila kitu hadi chuma kiwe cheupe. Anabakiza ngozi nyembamba ya gundi ya zamani, milimita moja au mbili, iliyoshika vizuri, kwa sababu gundi mpya hushikana na ile ya zamani kuliko inavyoshikana na rangi. Palipokwaruzwa hadi chuma anapaka praima na kungoja ikauke. Palipo na kutu anasimama na kukuita uone.

Hapo ndipo wateja wengi wanapoharibu. Fundi anasema, "Mzee, hapa pana kutu, tupasugue na tupige rangi kwanza," na mzee anadhani anaongezewa bili. Msikilize. Gundi iliyobandikwa juu ya kutu imeshika kutu, haikushika gari. Siku kutu itakapobanduka, kioo kitabanduka nayo. Kabla ya hapo mvua itakuwa imepata mwanya: zulia la mbele linanuka uvundo, vioo vinakuwa na ukungu usioisha, na maji yanachuruzika nyuma ya dashibodi hadi kwenye sanduku la fyuzi. Kwa hali ya hewa ya Birongo, mwanya wa maji utajulikana katika wiki ya kwanza.

Kwenye kioo kipya, ukingo unafutwa kwa dawa ya kusafishia na kupakwa praima, bila kuguswa tena kwa vidole vyenye mafuta. Mdomo wa mkebe hukatwa kwa umbo la V, ili gundi itoke ikiwa tuta la pembetatu lililosimama, karibu sentimita moja kimo, likizunguka bila kukatika. Tuta likikatika mahali hata kama kidole, hapo pana tundu. Kisha kioo kinawekwa na watu wawili kwa mara moja, kikiteremka sawasawa, ndani ya dakika chache kabla gundi haijafanya ngozi juu. Kukitia, kukitoa na kukirudisha hakufai. Fundi mzuri hujaribisha kioo kikiwa kikavu kwanza na kuweka alama za selotepu kwenye kioo na kwenye paa, ili wakati wa gundi asibahatishe.

Mvua tena. Unyevu wa hewani ni rafiki wa poliyurethani, lakini maji ya matone ni adui yake kabla ya kubandika. Nyuso zote lazima ziwe kavu kabisa. Kwa kuwa wingu la huku hupenda kufunga alasiri, peleka gari mapema, na lifanyiwe kazi chini ya paa. Mwavuli ulioshikiliwa na kijana haufai. Baridi nayo hupunguza mwendo wa kukauka. Muda ulioandikwa kwenye mkebe ni wa hali waliyopimia kiwandani, kwa hiyo asubuhi ya ukungu wa nyuzi 14 uongeze.

Muda huo hutofautiana. Kuna gundi za gharama ambazo gari linaweza kuondoka baada ya saa moja, na kuna za kawaida zinazotaka saa kadhaa, nyingine hadi siku nzima. Fuata mkebe, usifuate mdomo wa mtu. Gari likishatoka, acha selotepu za kushikilia kwa siku moja hata kama zinaliaibisha. Fungua kioo cha mlango kidogo, maana ukibamiza mlango vioo vyote vikiwa vimefungwa, hewa ya ndani inakisukuma kioo kipya kutoka kwenye gundi mbichi. Usipeleke gari kuoshwa kwa mashine. Na usilipitishe kwenye zile njia za changarawe za kushuka mtoni likiwa limesheheni, kwa siku ya kwanza angalau. Mwili wa gari hujisokota kwenye mashimo, na gundi haijawa tayari kusokotwa nao.

Matatu na malori mengi ya zamani, hasa yaliyoundiwa mwili humu nchini, hayatumii gundi hii bali mpira. Kazi yake ni nyingine na ina utamu wake kuitazama. Mpira huvishwa kwenye kioo, kamba nyembamba iliyopakwa sabuni huzungushwa ndani ya mfereji wa mpira, kioo kinasimamishwa kwenye nafasi yake, mmoja anasukuma kutoka nje kwa viganja na mwenzake ndani anavuta kamba polepole. Kamba inapotoka, mdomo wa mpira unaruka na kuukumbatia ukingo wa chuma. Kwa gari la namna hiyo ulizia mpira mpya. Kuvisha kioo kipya mpira uliopasuka kwa jua la miaka 15 ni kujitafutia maji.

Magari ya karibuni yameongeza shida isiyokuwapo zamani. Nyuma ya kioo, juu katikati, kuna kamera inayosoma barabara ili gari limwonye dereva au lijifungie breki. Subaru wanazo tangu 2008, Toyota walianza kueneza mfumo wao mwaka 2015, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, magari hayo sasa ndiyo yanayojaa. Kioo kikibadilishwa, kamera inakuwa imesogea kidogo tu, lakini kidogo hicho mbele yake ni mita kadhaa barabarani. Inatakiwa ipimwe upya: mengine kwa mbao za alama zinazosimamishwa mbele ya gari kwenye sakafu tambarare, mengine kwa kuendeshwa kwenye barabara yenye mistari inayoonekana. Sakafu tambarare katika milima ya Gusii ni sharti gumu, na mistari ya barabara tuiache. Muulize fundi jambo hili kabla hajagusa kioo. Akijibu kwamba itajirekebisha yenyewe, muulize ni kitabu gani cha mtengenezaji kilichosema hivyo kwa gari lako. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi baada ya kazi, usiizibe kwa karatasi.

Kuhusu malipo, wengi wanaoendesha magari ya abiria huku wana bima ya mtu wa tatu tu, ile inayolazimishwa na sheria, Sura ya 405. Hiyo hailipi kioo chako hata shilingi. Ukiwa na bima kubwa, fungua karatasi zako utafute kipengele cha kioo. Kampuni nyingi huweka kikomo, mara nyingi Sh30,000 au Sh50,000, na unaweza kukiongeza kwa kulipa ziada, kwa kawaida asilimia 10 ya kile kinachozidi. Kwa gari la kawaida huenda kikomo kikatosha, lakini kwa lenye kamera na vihisi hakitoshi. Ongeza wakati wa kukata bima, maana baada ya jiwe umeshachelewa. Na usibadilishe kioo kwanza kisha ukaanza kudai. Piga picha za kioo kilichopasuka zikionyesha namba ya gari, mpigie wakala, ngoja idhini. Baadhi ya kampuni hutaka pia kioo kipya kichorwe namba ya usajili kabla hazijalipa.

Kabla kioo cha zamani hakijatupwa, tazama stika. Ile ya NTSA yenye namba za gari, wanayoiita namba ya tatu, imetengenezwa isibanduke ikabaki nzima, kwa hiyo itakufa pamoja na kioo, na itabidi uombe nyingine kupitia mtandao wa serikali. Ipige picha kabla fundi hajaanza. Matatu nazo zina stika zao za leseni na ukaguzi. Afisa wa trafiki katika kizuizi cha kwanza hatajua kwamba kioo chako kina siku mbili.

Kioo kikishatiwa na muda wake kupita, mwambie fundi amwage maji taratibu kuanzia juu ya paa, nawe ukae ndani na tochi ukitazama kona za chini na chini ya dashibodi. Kisha liendeshe kwa mwendo wa wastani ukisikiliza. Mluzi wa upepo kwenye nguzo ya pembeni ni ishara kwamba tuta la gundi lina pengo. Rudi hapo hapo, usingoje wiki. Dai risiti yenye aina ya kioo na aina ya gundi, na maneno ya dhamana ya maji kuvuja. Fundi anayejiamini haoni taabu kuandika.

Limebaki moja, nalo namwambia mwenye gari, si dereva. Kijana wako wa Probox anatakiwa akuletee hesabu jioni, kioo kibichi au kikavu. Ndiyo maana gari linatoka kwa fundi saa tano na saa sita liko stejini likipakia, selotepu zimeng'olewa ili abiria wasiulize maswali, gundi ikiwa bado laini kama ugali wa moto. Dereva anajua si sawa, fundi anajua si sawa, lakini hesabu ni hesabu. Siku gari lako linapotiwa kioo, msamehe dereva hesabu ya siku hiyo, na umwambie mapema kabla hajalipeleka.